Tone la Oili Chini ya Gari

Najua wengi wenu mkiliona neno "giaboksi" katika gazeti letu mtataka kufunua ukurasa unaofuata, mkatafute mapishi au malezi ya watoto. Nawaomba msifanye hivyo. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo. Kwangu gari lilikuwa kitu cha wanaume: wao wafungue boneti, wao wapake mikono mafuta, mimi nipande na kushuka. Kwa kufikiri hivyo nilimwumiza mtu asiye na kosa, na huenda nilimwumiza na mtoto mchanga. Ndiyo sababu naandika.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijitolea katika usharika wetu hapa Karagwe. Tulikuwa na gari moja, Land Cruiser ya kuvuta magurudumu yote manne, tuliyopewa na marafiki ikiwa imekwisha kutumika sana. Siku za Jumapili ilibeba wainjilisti na kwaya. Siku za kazi ilitubeba sisi wa huduma ya mkoba: mizani ya watoto, masanduku ya chanjo na dawa za wajawazito, tukienda hadi vijiji vya mbali vya Wilaya ya Kyerwa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Karagwe kabla ya kugawanywa mwaka 2012. Mtu anayeijua njia ya kutoka Omurushaka kupitia Nkwenda, Isingiro na Kaisho hadi Murongo, kwenye Mto Kagera unaotutenganisha na Uganda, atanielewa nikisema kwamba gari huko halitembei bali linapanda na kushuka. Mlima mmoja ukiisha, mwingine unakungoja, na wakati wa masika udongo unateleza kama sabuni.

Gari hilo lilikuwa na kamati ya watu watano. Mweka hazina nilikuwa mimi.

Mzee aliniambia mara tatu

Dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyesema sana. Sitataja jina lake. Hapa nitamwita Mzee tu, kama tulivyozoea kumwita. Mwezi wa pili mwaka 2021 alinifuata nje ya kanisa akaniambia, "Mama, naona matone ya oili chini ya gari kila asubuhi. Si ya injini, ni ya giaboksi. Sili ya nyuma imechoka. Sili na oili ni kama shilingi 60,000, pamoja na fundi." Nikafungua daftari langu nikaandika: "Sili ya giaboksi na oili. Isubiri."

Baada ya wiki tatu akaniambia tena. Safari hii alisema gari likiwa limesimama, injini inanguruma na gia haijawekwa, kuna mlio kama wa nyuki wengi, na akikanyaga klachi mlio unakoma. Mimi nilimjibu kwamba gari kuukuu halikosi mlio. Mara ya tatu, ilikuwa wiki moja kabla ya Pasaka, alisema gia ya tatu imeanza kuruka yenyewe mlimani, inambidi aishikilie kwa mkono. Nilikuwa na haraka. Nilimwambia, "Mzee, kamati haina fedha."

Akina mama, nisiwafiche. Fedha zilikuwapo. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimetoa shilingi 180,000 kununua vitambaa vya sare za kwaya ya akina mama, kwa sababu tulikuwa na ugeni wa sharika jirani siku ya Pasaka na sikutaka tuonekane duni. Sare zilipendeza sana. Picha yake ninayo hadi leo.

Mlimani kabla ya Kaisho

Mwishoni mwa mwezi wa nne tulikwenda kliniki kijiji kimoja upande wa Murongo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipokuwa tunafunga mizani, muuguzi wa zahanati ya pale akaja mbio. Alikuwa na binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri ya siku iliyotangulia, na mtoto hashuki. Nilimpima. Njia ilikuwa imefunguka vya kutosha lakini kichwa kilikuwa kimekwama juu. Huyo alihitaji upasuaji, na upasuaji uko hospitali. Tulimweka dripu, tukamlaza ndani ya gari juu ya godoro kwa ubavu wa kushoto, mama yake mzazi akapanda, tukaondoka.

Nilisikiliza moyo wa mtoto kabla ya kuondoka. Mapigo yalikuwa 136 kwa dakika. Moyo wa mtoto aliye tumboni ukipiga kati ya 110 na 160, sisi wauguzi tunapumua.

Tulikuwa hatujafika Kaisho, tunapanda mlima mrefu, gia ya tatu ikaruka. Mzee akaweka ya pili. Pakatokea mshindo chini ya miguu yetu, kama mtu aliyetupa mawe ndani ya sufuria, kisha injini ikanguruma bure. Magurudumu hayakuzunguka tena. Gari likaanza kurudi nyuma. Mzee akavuta breki ya mkono, akaruka nje na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Alijaribu gia zote, hata zile za boksi la pili ambalo mafundi huliita transfa. Hakuna kitu.

Simu hazikushika mtandao mahali pale. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alikubali kukimbia hadi juu ya kilima na simu yangu, lakini aliporudi alisema kila aliyempigia yuko mbali. Pikipiki mbili zilipita. Nilizikataa, maana hali ya yule binti haikuwa ya kupakiwa pikipiki kwenye utelezi ule. Mvua ikaanza tena. Nilisikiliza moyo wa mtoto kila baada ya robo saa. 128. 120. Kisha 104. Kisha 96. Mama mzazi wa yule binti hakupiga kelele. Alikuwa amekishika kichwa cha mwanawe mapajani, akiomba kwa Kinyambo, sauti ya chini, bila kukoma.

Tulikaa pale karibu saa tatu. Lilipokuja lori la kubeba ndizi, wapagazi wenyewe walishuka bila kuombwa, wakapanga mikungu pembeni, wakatandika majani ya migomba, wakampandisha. Nilikwenda naye. Mzee alibaki na gari.

Mama alipona. Mtoto, msichana, alitoka kimya. Hakulia. Daktari na mkunga walimpulizia hewa kwa mfuko na barakoa mpaka akavuta pumzi yake mwenyewe. Nilisimama kando nikitazama saa ya ukutani, nikihesabu dakika, na katika kichwa changu niliona maneno ya daftari langu kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Isubiri."

Kikao

Juma lililofuata kamati ilikaa. Kila mtu alikuwa na uchungu. Mjumbe mmoja alisema kwamba giaboksi haivunjiki hivi hivi, dereva ndiye anayeivunja. Mwingine akasema amewahi kumwona Mzee akiendesha huku mguu wake uko juu ya klachi. Mzee alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia mkononi. Aliulizwa kama ana la kusema. Alinitazama mara moja, akainamisha macho, akasema, "Gari lilikuwa linaumwa. Nilisema." Mwenyekiti akauliza, "Ulimwambia nani?" Mzee akanyamaza.

Nami nikanyamaza.

Ikaamuliwa kwamba Mzee akatwe shilingi 50,000 kila mwezi katika mshahara wake mpaka nusu ya gharama za matengenezo ifidiwe. Mimi ndiye niliyeandika uamuzi huo katika daftari, ukurasa wa nne baada ya ule wenye neno "Isubiri".

Gerejini

Gari lilivutwa hadi gereji moja Omurushaka. Mzee aliwaonya waliolivuta kwamba kwanza propela zifunguliwe, maana magurudumu yakizunguka huku yameungana na chuma kilichovunjika, uharibifu unaongezeka. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye fedha, kamati iliniagiza nikae pale wakati wa kufungua, ili fundi asije akatudai spea tusizozihitaji. Nikaja na kiti changu na kitambaa cha kufuma.

Fundi alikuwa kijana wa miaka kama 30, na alinishangaza kwa usafi. Kabla ya kufungua chochote alitandika turubai, akapanga mikebe midogo, kila mkebe kwa bolti za mahali pamoja. Alitoa waya wa betri. Akafungua kizibo cha chini na kumwaga oili ya giaboksi katika beseni. Kilichotoka hakikujaza hata kopo la lita moja.

Aliniita nitazame. Katika kizibo hicho kuna sumaku, kazi yake ni kunasa vumbi la chuma. Alinieleza kuwa ujiuji mweusi laini kama masizi si neno, kila giaboksi inao. Lakini juu ya sumaku yetu palikuwa na vipande vya kushikika kwa vidole, na katika beseni oili ilikuwa ikimetameta kama mica. "Hiyo inayong'aa njano," alisema, "ni zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia taratibu. Sisi tunaziita sinkro. Zimesagika."

Kazi ya kuishusha ilichukua siku nzima. Aliondoa vijiti vya gia kutoka ndani ya gari, akafungua propela ya mbele na ya nyuma, akaondoa silinda ndogo ya klachi bila kuukata mpira wake, akaiegemeza injini kwa jeki na kipande cha mti ili isilale, ndipo akafungua mhimili unaoshikilia giaboksi chini. Wanaume wanne waliipokea na kuiweka kwenye turubai. Ni nzito, jamani. Niliacha kufuma.

Alipoipasua nilielewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiri katika maisha yangu. Ndani ya giaboksi hakuna pampu ya oili kama ya injini, angalau katika hiyo yetu. Shafti ya chini, yenye meno mengi, inakuwa imezama ndani ya oili, na inapozunguka inairusha juu, nayo inazinyeshea gia na beringi za juu. Kina cha oili kikipungua, mvua ile haifiki. Na gari likipanda mlima, oili kidogo iliyobaki inakimbilia nyuma, beringi ya mbele inabaki kavu kabisa. "Sasa fikiria milima ya kwenu kule Kyerwa," fundi aliniambia.

Beringi ya mbele ilikuwa imepasuka kizimba chake, na gololi zake zilikuwa za rangi ya buluu kwa joto. Beringi ikilegea, shafti haikai tena katika mstari wake. Meno ya gia hayashikani sawasawa, yanashikana kwa ncha tu, ndipo gia inaruka. Mwisho kipande cha beringi kiliingia katikati ya meno ya gia ya pili na kuyakata. Huo ndio ule mshindo.

Fundi akanyanyuka, akafuta mikono, akauliza kwa upole, "Ni nani alikuwa anaangalia oili ya gari hili?"

Mzee alikuwa pale. Tangu gari lifike alikuja kila siku kusaidia, bila malipo, wakati tayari alikuwa amekwisha kukatwa mshahara wa mwezi. Akajibu, "Ni mimi. Nilikuwa naongeza kidogo kidogo." Fundi akasema, "Ndiyo maana nashangaa, hii iliyotoka ina oili mpya ndani yake." Mzee akasema kwamba alinunua lita moja kwa fedha yake, siku mbili kabla ya safari ya Murongo. Hakunitazama alipokuwa akisema hayo. Angeweza kunitaja mbele ya watu wote wa gereji, lakini hakunitaja.

Nilijifanya kuitikia simu, nikatoka nje. Nyuma ya gereji kuna mgomba. Nilisimama chini yake nikalia.

Fundi aliponiambia neno moja

Spea hazikupatikana Kayanga wala Bukoba. Zilitoka Mwanza kwa meli hadi Bukoba, kisha kwa basi. Tulingoja siku tisa. Orodha ilikuwa hii: beringi tatu, gia ya pili, pete mbili za sinkro, sili zote na gundi ya kuzibia. Pamoja na kuvuta gari na ufundi, jumla ilifika shilingi 1,460,000. Hesabu mwenyewe, mama: kilichonishinda kutoa kilikuwa 60,000.

Kwa kuogopa gharama nilimwuliza fundi kama hatuwezi kubadilisha ile beringi iliyopasuka peke yake, nyingine ziendelee. Alinijibu, "Mama, beringi haikujiua. Iliuawa na kukosa oili, na oili ilitoka kwa sababu ya sili. Nikikuwekea beringi mpya nikaacha sili ile ile, utarudi hapa kabla ya mavuno ya kahawa."

Siku ya kurudishia alizipasha moto beringi ndani ya oili ili zitanuke kidogo na kuingia kwenye shafti bila kupigwa nyundo. Kila kitu kilirudi kwa mpangilio ule ule kilivyotoka. Sili ya nyuma, kijipete cha mpira na chuma kinachotosha kwenye kiganja, aliipaka oili na kuigonga taratibu pande zote mpaka ikakaa sawa. Niliitazama sana sili ile.

Nyumbani

Usiku huo nilimweleza mume wangu yote. Tuna ndoa ya miaka mingi na ananijua. Nilitarajia anifariji, aseme nilikuwa na mambo mengi, au kwamba gari lilikuwa kuukuu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mzee amekatwa mara ngapi?" Nikasema mara moja, na mwezi huu itakuwa ya pili. Akasema, "Basi kesho si mbali."

Sikulala vizuri. Nilizoea kufundisha akina mama habari za wale wanawali kumi katika Mathayo 25, watano wakiwa na mafuta na watano hawana. Siku zote nilipofundisha nilijiweka upande wa wale watano wenye busara. Usiku ule nilijua upande wangu. Nikamkumbuka na Zakayo katika Luka 19. Yeye hakusema tu kwamba ametubu. Alitaja hesabu ya atakachorudisha.

Kikao cha pili

Niliomba mwenyekiti aite kamati, na Mzee awepo. Nilikuja na daftari. Nilifungua ule ukurasa, nikausoma kwa sauti, tarehe zote tatu. Nikasoma na matumizi ya vitambaa vya sare. Nikasema kwamba Mzee hakukosa, niliyekosa ni mimi, na kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa maana la kwanza lilikuwa uzembe na la pili lilikuwa uongo wa kunyamaza.

Akina mama, nisiseme kwamba ilikuwa rahisi au kwamba wote walinipongeza. Mjumbe mmoja mwanamke, rafiki yangu, hakunisemesha kwa miezi kadhaa. Niliondolewa kwenye uweka hazina, na ilikuwa haki. Mzee alirudishiwa fedha yake yote, na ile nusu aliyopangiwa kulipa niliichukua mimi. Mume wangu aliuza mbuzi wanne, mimi nikatoa akiba yangu ya kikundi. Ililipwa kwa mwaka na miezi miwili.

Nilipokwenda kumwomba Mzee radhi nyumbani kwake, mkewe alitupikia ndizi na maharage. Mzee aliniambia, "Sista, nilijua utasema. Ila nilikuwa naomba useme kabla karo ya mtoto haijafika." Tukacheka wote, lakini mimi nilicheka kwa aibu. Karo ilikuwa imefika tayari. Mtoto wake alirudishwa nyumbani wiki mbili, na hilo sikulijua.

Mtoto yule

Palibaki mahali pamoja, pagumu kuliko pote. Yule msichana aliyezaliwa siku ile alichelewa kuketi, akachelewa kutambaa. Alianza kutembea akiwa na miaka miwili na miezi mitano, na mkono wake wa kushoto hauna nguvu kama wa kulia. Mama yake humleta kwa mazoezi ya viungo, nami ndiye niliyemfundisha mazoezi ya kufanya nyumbani.

Je, ni zile saa tatu mlimani? Mama yake alikuwa na uchungu tangu siku iliyotangulia, na huenda madhara yalikwisha kuanza kabla hatujamkuta. Daktari hawezi kusema, wala mimi siwezi. Lakini mapigo yalikuwa 136 tulipoondoka, na 96 lilipokuja lori. Hayo niliyahesabu mwenyewe.

Siku moja baada ya mazoezi nilimweleza yule mama kijana habari ya sili. Nilidhani atanyanyuka na kuondoka. Alimvalisha mtoto sweta, polepole, akianza na mkono ule dhaifu kama nilivyomfundisha. Kisha akasema, "Sista, wewe ulikuwa unajua. Mimi nilikuwa naomba tu." Hakusema kwamba amenisamehe. Hakusema kwamba hajanisamehe. Mwezi uliofuata alikuja tena kwenye mazoezi, na anaendelea kuja. Ameniruhusu kuandika haya bila kutaja jina lake.

Mambo machache ya kuangalia

Wengi wetu leo tuna gari nyumbani, au la kikundi, au la kanisa, hata kama hatuliendeshi. Haya niliyojifunza gerejini nawapa bure, maana mimi niliyalipia:

Tazama chini ya gari asubuhi. Weka kipande cha boksi usiku, kesho yake kitazame. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali kuliko ya injini. Tone moja kila siku si dogo, maana hakuna taa kwenye dashibodi ya kukuonya.

Sikiliza. Mlio unaosikika gari likiwa halina gia na kukoma ukikanyaga klachi, mara nyingi ni beringi za ndani ya giaboksi. Mlio unaoanza pale unapokanyaga klachi, mara nyingi ni beringi ya klachi yenyewe, na hiyo ni kazi nafuu zaidi.

Gia ikiruka, usiishikilie kwa mkono na kuendelea na safari kwa miezi. Mpeleke fundi. Na dereva asipumzishe mkono juu ya kijiti cha gia wala mguu juu ya klachi.

Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare. Kizibo cha pembeni kikifunguliwa, kidole kiguse oili mlangoni mwa tundu. Usiweke oili yoyote inayouzwa. Soma kitabu cha gari, maana baadhi ya oili kali za difu hula zile pete za shaba.

Baada ya kuvuka maji mengi, oili ikaguliwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na imwagwe mara moja.

Magurudumu manne ni ya matope na utelezi. Kwa gari kama letu, ukiyaacha yamefungwa kwenye lami kavu unazitesa gia, kwa sababu katika kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa.

Na jambo moja la kiuguzi: familia yenye mjamzito isingoje gari la mtu mmoja. Mpango wa serikali wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga kwa dharura, uitwao m-mama, ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, na namba yake ni 115, bila malipo. Iandikeni ukutani, karibu na kadi ya kliniki.

Gari letu bado linatembea. Mzee bado analiendesha, na mweka hazina wa sasa ni mama mwenzetu makini kuliko nilivyokuwa. Mimi nimepewa kazi ndogo: kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwaya, nachuchumaa nyuma ya gari na tochi na kuangalia kipande cha boksi kama kimekauka. Wapita njia wa mwanzo walicheka kumwona nesi mzima amepiga goti chini ya Land Cruiser. Sasa wamezoea. Mzee hunisubiri amesimama kando, nami nikinyanyuka namwambia nilichokiona, naye huandika katika daftari lake mwenyewe.

Mama mwenzangu, mtu wa chini yako akikuambia mara ya kwanza kwamba kuna kitu kinavuja, awe dereva, awe msichana wa kazi, awe mtoto wako, sikiliza siku hiyo hiyo. Na kama hukusikiliza, na yakatokea ya kutokea, usimwache akatwe mshahara wa dhambi yako. Bwana awabariki, na awalinde njiani.